Mtu mwembamba, hali mafuta, ECG safi, kaanguka alfajiri kafariki. Hivi huu utando kwenye mishipa ya moyo unakuaje?

#1 Mzawa wa Igombe
Wakuu mwangaluka. Nina swali limenikaa kooni tangu wiki iliyopita. Kuna mzee huku kwetu Igombe, fundi wa mitumbwi, mwembamba kabisa, miaka hamsini na kitu, nyama ya mafuta hagusi, chakula chake ugali na dagaa basi. Sigara alikuwa anavuta hilo sifichi. Mwezi uliopita kifua kilimbana akaenda hospitali wakampima kile kipimo cha umeme wa moyo (ECG), akaambiwa karatasi iko safi, akapewa dawa ya vidonda vya tumbo akarudi zake. Sasa juzi alfajiri kaamka kuwahi kazi, kashika randa hajapiga hata ubao mmoja, akasema kifua, jasho likalowesha shati lote, akakaa juu ya mbao na hakunyanyuka tena. Daktari aliyepokea mwili akawaambia watoto kuna uwezekano mkubwa utando wa mafuta kwenye mshipa wa moyo ulipasuka.

Mimi siku zote najua mafuta yanaziba mshipa kidogo kidogo mpaka unafunga. Kama ni kidogo kidogo kipimo kilishindwaje kuona? Na utando unapasukaje? Na mafuta yenyewe mzee aliyatoa wapi? Wenye elimu karibuni, wenye uzoefu pia.

#2 Dagaa Mkavu
Pole kwa msiba mkuu. Naweka kambi hapa, maana na mimi mzee wangu ana kifua hicho hicho na kila akienda anarudi na dawa ya gesi.

#3 Fundi wa Boti
Hii mbona iko wazi. Mshipa ni bomba. Ukipitisha uchafu kila siku unagandia ukutani, njia inapungua, siku moja inafunga. Mimi nazibua mabomba ya injini hapa mwaloni Kirumba kila leo, naona kwa macho. Dawa yake ndimu na maji ya moto asubuhi kabla hujala kitu, inakata mafuta yote. Na huyo mzee msiseme hali mafuta, kwani hao dagaa walikuwa wanapikwa na nini?

#4 Tabibu wa Zamu
Mzawa pole sana. Fundi nakupinga kwa heshima kaka, maana hilo la bomba ndo linafanya watu wafe huku wanajua wako salama.

Bomba halina uhai, mshipa uko hai. Mafuta hayagandi juu ya ukuta, yanaingia NDANI ya ukuta. Ateri, yaani mshipa unaotoa damu kwenye moyo, kwa ndani imetandikwa safu moja tu ya seli. Safu hiyo ikichokozwa na moshi wa sigara, presha au sukari, inaanza kupitisha vile vifurushi vya LDL vinavyobeba lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Vikishapita vinanasa huko chini, vinaoza kikemikali, mwili unavihesabu ni adui. Seli nyeupe za ulinzi zinatoka kwenye damu zinaingia ukutani kuvila. Zinakula mpaka zinavimba, nyingi zinafia humo humo na mafuta yao. Hatua ya mwanzo ni michirizi ya njano tu, haina shida yoyote unayoisikia. Miaka inaenda, seli za msuli wa mshipa zinasogea juu zinajenga kovu la kufunika ule uozo. Kwahiyo utando uliokomaa una kiini laini katikati, mafuta na seli zilizokufa, juu yake kifuniko cha nyuzi nyuzi, na chokaa imejishika hapa na pale.

Sasa sikia kilichomkuta mzee kama daktari yule yuko sahihi. Kifuniko kikiwa kinene mtu anaweza kuzeeka nao akafa kwa ugonjwa mwingine kabisa. Kikiwa chembamba, na zile seli za ulinzi bado ziko hai chini yake zinamwaga vimeng'enya vinavyokila, ipo siku kinachanika. Damu ikigusa ule uozo inaganda palepale, chembe sahani (zile za kugandisha damu) zinarundikana, na dakika chache tu bonge la damu limefunga mshipa ambao jana ulikuwa unapitisha damu vizuri tu. Msuli wa moyo ukikaa kama nusu saa bila damu unaanza kufa. Wengine moyo unapoteza mpigo ndani ya dakika hizo hizo na ndo wanaoanguka wasiamke.

Kinachoua ghafla ni bonge. Na ndimu haifiki huko Fundi, tumboni yenyewe inakutana na asidi kali kuliko yake.

#5 Mzawa wa Igombe
Shukrani sana Tabibu. Bado ECG. Karatasi ilikuwa safi!

#6 Tabibu wa Zamu
ECG inasoma umeme wa moyo kwa zile sekunde ulizolala kitandani. Kama kwa sekunde hizo msuli unapata damu, karatasi inatoka safi hata kama una tando kumi. Haipigi picha ya ukuta wa mshipa. Ndo maana mtu mwenye kifua cha kubana, anavuta sigara, umri umeenda, karatasi moja safi haitoshi kumrudisha nyumbani, unatakiwa uirudie na upime troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia. Sisemi waliomwona walikosea, sikuwepo.

Halafu kuna jambo lingine. Mwaka 1987 mtafiti mmoja Marekani anaitwa Glagov alionyesha mishipa ya moyo ikianza kupata utando inatanuka kwa nje kuupisha, njia ya damu inabaki upana ule ule mpaka utando ufike kama asilimia 40 ya eneo la ndani. Mtu anatembea, anabeba mbao, anapanda mlima Bugando kwa miguu bila kuhema na ugonjwa upo.

#7 Msoma Majarida
Tabibu umeeleza vizuri, naomba niongeze na nirekebishe kidogo. Sio kila bonge linatokana na kupasuka. Kuna aina nyingine kifuniko hakijachanika kabisa, ila ile safu ya juu ya seli imebanduka, damu inaganda juu ya utando mzima mzima. Ni robo mpaka theluthi hivi ya mishtuko ya moyo, na inaonekana zaidi kwa wanawake na kwa WAVUTA SIGARA. Mzee wa Igombe alivuta. Kwahiyo bila kufungua mwili hakuna anayejua kama ulipasuka au ulibanduka.

Na suala la umri, mnadhani ni ugonjwa wa wazee. Vita ya Korea madaktari wa Marekani walipasua miili ya askari 300 waliouawa, wastani wa miaka 22, wakaandika 1953 kwamba karibu asilimia 77 walikuwa tayari na dalili za huu ugonjwa kwenye mishipa ya moyo. Vijana wa vita, wakakamavu.

#8 Ngosha wa Magu
Mimi nina jambo moja, nijibuni wasomi. Damu ni hiyo hiyo moja, lehemu ile ile inazunguka mwili mzima. Sasa kwanini utando unaota kwenye ateri na hauoti kwenye vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo? Na kwanini ateri yenyewe unaota kwenye kona na panapogawanyika njia, mahali pengine peupe? Kama tatizo ni mafuta mngeukuta kila mahali sawasawa.

Jibu ni presha bhabha. Ukuta unaopigwa na damu ndo unaumia, lehemu inakuja baadae. Na ushahidi ni huu hapa, wakimfanyia mtu upasuaji wanachukua vena ya mguuni wanaipandikiza kwenye moyo, ile vena iliyokaa miaka 50 mguuni bila doa, ikishawekwa kwenye presha ya ateri inaota utando ndani ya miaka michache. Lehemu ni ile ile ya jana!

Kwetu Usukumani watu wamejaa presha hawajui, wanaweka chumvi kwenye ugali wenyewe. Mnawasumbua na mayai bure.

#9 Dagaa Mkavu
Ngosha leo umeamka na moto 😂 ila hoja ya vena hiyo nzito, jamani wasomi.

#10 Mama Kulwa
Habari zenu. Mimi sina utaalamu ila naomba wanawake wenzangu wanaosoma huu uzi wasikie. Dada yangu ana sukari. Hakuumwa kifua. Alianza kichefuchefu, taya linauma akadhani jino, na uchovu, yaani kutoka kitandani kwenda jikoni anakaa njiani. Zahanati moja (siitaji) wakampa dawa ya tumbo, akanywa siku mbili. Tulivyompeleka hospitali kubwa wakasema moyo umeshapata shambulio na sehemu ya msuli imekufa. Yuko hai namshukuru Mungu, ila hawezi kulala bila mito mitatu, akilala chini anakosa pumzi, na jioni ukimbonyeza mguu kwa kidole shimo linabaki pale unaliangalia.

Kwahiyo tusisubiri kifua.

#11 Tabibu wa Zamu
Mama Kulwa pole sana na asante kwa kuandika. Ni kweli kabisa. Wenye kisukari mishipa ya fahamu inakuwa imechoka, maumivu hayafiki, na wanawake wengi wanakuja na taya, mgongo, kichefuchefu, jasho. Mtu mwenye sukari mwenye jasho la ghafla na pumzi fupi mpeleke, hata akikuambia haumwi popote.

Ngosha: umesema kweli kuhusu kona, damu panapogawanyika njia inazunguka ovyo na zile seli za ndani zinalegea. Na vena umesema kweli. Lakini presha peke yake bila LDL haitoshi. Niambie wewe, kuna watoto wanazaliwa na LDL ya juu mno ya kurithi kutoka kwa baba na mama wote wawili, wanapata shambulio la moyo wakiwa watoto au vijana wadogo, presha hawana, sigara hawana, sukari hawana. Utasema nini hapo?

#12 Ngosha wa Magu
Nasema hao ni wachache sana, na mimi naongelea watu wa Magu.

#13 Mkaanga Mapanki
Samahani kuingilia. Mimi nakaanga mapanki na vichwa vya sangara, ni kazi niliyosomesha nayo watoto. Nimesoma kwa hofu. Naomba kuuliza bila kuficha kitu maana mengi mnayoyasema mimi ndo nayashika kwa mkono. Karai langu mafuta hatumwagi, asubuhi naongeza mapya juu ya jana, yakifika jioni yamekuwa meusi, yanafanya povu jepesi pembeni halafu moshi wake unachoma macho hata ukikaa upande wa upepo. Pembeni ya karai kuna gamba gumu halitoki hata kwa waya wa kusugulia. Ukinunua mapya kila siku huli faida, ndoo ya mafuta sasa hivi bei haishikiki. Je nawaua wateja wangu? Na mimi huo moshi?

#14 Tabibu wa Zamu
Dada usijilaumu, umeuliza vizuri kuliko wengi. Mafuta yanayochemshwa siku nyingi yanavunjika, yanatoa vitu vilivyooksidishwa na kiasi kidogo cha mafuta yale mabaya ya transi. Mtu akila mara moja moja hafi. Anayekula kila siku miaka 20 anajiongezea. Unachoweza: chuja kila jioni makombo yote yatoke, usiache moto uunguze mpaka moshi, na yakianza hilo povu usiongezee mapya juu yake, usiyatumie tena. Gamba la pembeni likwangue maana linaharakisha mapya kuharibika.

Wewe mwenyewe moshi ndo unaniumiza roho zaidi. Chembe ndogo za moshi wa kuni na mkaa zinaingia mapafuni, zinachokoza mishipa, zinafanya damu igande haraka. Wabanikaji wa samaki pia. Kaa upande upepo unakotoka, inua banda liwe wazi pande zote, na upime presha.

#15 Fundi wa Boti
Haya sawa. Sasa Wamasai? Wanakunywa maziwa, wanakula nyama ya mafuta na damu juu. Mbona hawafi moyo? Hapo mnanijibu nini nyie wa lehemu?

#16 Msoma Majarida
Fundi hilo swali limeshaulizwa na wenye mashine zao, tena hapa hapa kwetu. Mwaka 1964 George Mann na wenzake waliandika kuhusu wanaume wa Kimasai wa Tanganyika, maziwa na nyama kwa wingi lakini lehemu ya damu iko chini na ugonjwa wa moyo karibu hawauoni. Basi watu wakashangilia kwamba mafuta hayana kosa. Lakini 1972 wakatoa taarifa ya kupasua miili ya wanaume 50 wa Kimasai, na utando walikuwa nao! Tofauti ni kwamba mishipa yao ilikuwa mipana sana, na utando uliochanika au kuziba ulikuwa nadra.

Kwanini? Mann alisema ni kutembea, watu wanaopiga miguu kutwa mishipa inatanuka. Wengine waliowapima wakaona mwili wao ukipewa lehemu nyingi unapunguza kutengeneza ya kwake. Wengine wanasema asili ya vinasaba. Mpaka leo kila mtu anavuta kwake. Ila kusema hawana utando, hapana.

#17 Dagaa Mkavu
Kwahiyo sisi wa samaki tuko wapi? Maana nilijua dagaa ni kinga.

#18 Msoma Majarida
Kuna utafiti unaitwa wa Lugalawa, ulitoka 1996, walilinganisha vijiji viwili vya kusini kwetu, kimoja kando ya Ziwa Nyasa wanaokula samaki kila siku na kingine cha juu wasiokula. Wa samaki walikuwa na presha ya chini na mafuta ya damu mazuri zaidi. Watu wa asili moja, mkoa mmoja. Kwahiyo samaki anasaidia. Lakini nadhani hao hawakuwa na karai la jioni kama letu, na huo ndo ugomvi wetu Kirumba. Na huyo mzee wa Igombe alikuwa anakula dagaa na kuvuta sigara, dagaa hamfuti moshi.

#19 Jembe la Sengerema
Nyie wote mnazunguka, wa lehemu na wa presha. Mzizi wa haya yote ni UVIMBE WA NDANI kwa ndani. Mwili unaopigana kila siku na kitu unaharibu mishipa yake wenyewe. Angalieni mafua, watafiti wa Kanada walitoa 2018, mtu aliyethibitishwa ana influenza wiki ile ya kwanza hatari ya shambulio la moyo inapanda mara sita. Mafua! Yameongeza lehemu gani ndani ya siku saba? Angalieni wanaoishi na virusi vya UKIMWI, hata wakiwa kwenye dawa na virusi havionekani, hatari yao ya moyo ni kama mara mbili. Angalieni wenye ugonjwa wa viungo. Fizi mbovu nazo zinatajwa.

Na jaribio lililonimaliza ni la 2017, waliwapa watu zaidi ya elfu kumi waliowahi kupata shambulio dawa ya kushusha uvimbe tu, haishushi lehemu hata kidogo, na mashambulizi yakapungua. Mwisho wa ubishi.

#20 Tabibu wa Zamu
Jembe usifunge mjadala mapema ndugu yangu. Dawa ile ilipunguza kwa kama asilimia 15 tu, na waliokufa kwa maambukizi wakaongezeka, maana umezima ulinzi. Na hao karibu wote walikuwa wanatumia dawa za kushusha lehemu tayari. Upande wa pili, kila ukishusha LDL kwa milimoli moja kwa lita matukio makubwa ya moyo na kiharusi yanapungua kama asilimia 22, hiyo ni kutoka majaribio mengi yaliyojumlishwa. Uvimbe upo, nakubali, mimi mwenyewe nimesema seli za ulinzi ndo zinakila kifuniko. Lakini zinagombania nini humo ndani? LDL.

#21 Jembe la Sengerema
Na LDL ilipita vipi ukuta mzima usiovimba? Tunarudi pale pale Tabibu.

#22 Msoma Majarida
Huu ubishi wenu una miaka zaidi ya 150 😀 Virchow kule Ujerumani alisema ni uvimbe, Rokitansky kule Vienna akasema hapana ni damu inayoganda juu ya ukuta halafu inageuka utando. 1913 Mrusi Anitschkow akawalisha sungura lehemu tupu wakaota utando, ushindi ukaenda kwa lehemu. Miaka ya 1970 Russell Ross akaja na kuumia kwa ukuta, hapo ndo Ngosha anakaa, halafu 1999 huyo huyo Ross akaandika waziwazi kwamba ni ugonjwa wa uvimbe. Kila kizazi kinaokota kipande chake.

Halafu niwape kitu cha ziwa letu. Kichocho. Panya wa maabara waliotengenezwa wapate utando walipoambukizwa minyoo ya kichocho lehemu yao ilishuka na utando ukapungua. Minyoo haiwezi kujitengenezea lehemu, inachota ya mwenye nyumba. Kwahiyo Jembe, hapo una mwili wenye maambukizi ya kudumu NA utando kidogo. Uvimbe wako unaelezea vipi hiyo?

#23 Jembe la Sengerema
Minyoo inageuza aina ya ulinzi, inauelekeza kwingine, sio kila uvimbe ni sawa. Hiyo inanisaidia mimi.

#24 Ngosha wa Magu
Sasa tutaambiwa tukaoge ziwani bila woga tupate kichocho tupone moyo 😂😂

#25 Tabibu wa Zamu
Hapana, hapana, tafadhali. Kichocho kinaharibu ini, kinatapisha damu, nimewaona Ukerewe na Kome. Ni panya wale. Mtu asitoke hapa na hilo.

#26 Mnyama wa Pasiansi
Mie nauliza la mpira. Juzi kwenye banda la kuonyeshea mechi jamaa alidondoka dakika za mwisho za derby. Aliamka lakini hofu ikatushika. Mpira unaweza kuua kweli?

#27 Msoma Majarida
Unaweza kusukuma. Kombe la dunia 2006 Ujerumani, madaktari wa Munich walihesabu dharura za moyo, siku timu yao ikicheza zilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida. Hasira na woga vinapandisha presha ghafla, mishipa inabana, damu inakuwa tayari kuganda. Ila anayedondoka mara nyingi alishakuwa na utando tayari, mechi inampata njiani. Alfajiri nayo ni hivyo hivyo, homoni za kuamka zinapanda, presha inapanda, mishtuko mingi inatokea asubuhi.

#28 Mwananchi Kindakindaki
Basi nyie wa Msimbazi mpimwe wote mapema kabla ya msimu.

#29 Mnyama wa Pasiansi
Anza wewe, tuliokuona ukishika kifua dakika ya 90 tupo.

#30 Mtu wa Makoroboi
Mimi sitaki kubishana na elimu ila mtu mzima wa afya anaanguka alfajiri siku chache baada ya kugombania kiwanja, na nyie mnasema utando. Kuna mambo hayaonekani kwenye mashine. Wazee wetu hawakuwa wajinga.

#31 Tabibu wa Zamu
Ndugu yangu sikudharau na siwadharau wazee. Ila huo ugomvi wa kiwanja nao umo, mtu asiyelala kwa hasira presha yake iko juu usiku kucha. Utafiti mmoja mkubwa wa nchi 52, Afrika ikiwemo, ulitoka 2004, uliona mambo tisa yanaelezea sehemu kubwa kabisa ya mashambulizi ya kwanza ya moyo: sigara, uwiano wa mafuta ya damu, presha, kisukari, kitambi, msongo wa mawazo, kukosa matunda na mboga, kukosa mazoezi, na pombe. Msongo uko humo. Ombi langu moja tu, atakayeshikwa kifua apite kwanza hospitali. Mganga ataonwa kesho, msuli wa moyo haungoji kesho.

#32 Binti Ukerewe
Tabibu sisi wa visiwani tunafanyaje? Mtu akishikwa usiku Nansio hakuna meli mpaka asubuhi, na meli yenyewe mpaka Mwanza ni masaa. Nasikia aspirini.

#33 Tabibu wa Zamu
Ndiyo. Mtu mzima mwenye kifua cha kubana, kizito, kinachopanda taya au mkono, na jasho: aache kazi akae, TAFUNA aspirini ya miligramu 300, usimeze nzima, kwasababu ikitafunwa inaingia haraka na inazuia chembe sahani kuendelea kushikana. Hapewi mwenye mzio nayo, anayetapika damu au mwenye choo cheusi, wala mwenye dalili za kiharusi, mdomo kupinda au mkono kulegea. Halafu hospitali ya karibu hapo hapo kisiwani, usisubiri meli nyumbani. Kuna sindano za kuyeyusha bonge, zinafaa ndani ya masaa 12 lakini saa mbili tatu za kwanza ndo zenye maana kubwa. Usimwache aendeshe mwenyewe, asipande ngazi.

#34 Jembe la Sengerema
Kwetu angalau daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025. Mnaokumbuka foleni ya kivuko na mgonjwa ndani ya gari mnajua nasema nini. Baba yangu mdogo aliishia pale kwenye foleni.

#35 Mama Kulwa
Pole sana Jembe. Mungu amrehemu.

#36 Mzee wa Nyegezi
Vijana shikamooni hamnipi ila nawasalimu. Mimi nimewekewa stenti (kile kibomba cha wavu cha kushikilia mshipa wa moyo wazi) Dar pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, nikarudi mzima, napanda Capripoint kwa miguu. Mshipa umefunguliwa sasa nauliza, hizi dawa lukuki za nini tena? Mwanangu ananilazimisha.

#37 Tabibu wa Zamu
Shikamoo mzee wangu. Mwanao anakupenda. Stenti imefungua mahali pamoja, mishipa mingine ina tando ambazo hazijafika kwenye kamera ya siku ile, na nyingi zinazochanika baadae ni zile zilizoonekana ndogo. Ile dawa ya lehemu inakausha kiini na kunenepesha kifuniko, hupunguzi sana ukubwa ila unapunguza kupasuka. Na zile za kuzuia damu kuganda ukiziacha ghafla mapema stenti yenyewe inaweza kufunga bonge, hilo ni baya kuliko la kwanza. Usiache hata moja bila daktari aliyekuwekea.

#38 Msoma Majarida
Mzee shikamoo. Kuongezea, kwa watu ambao HAWAKO kwenye shambulio, wana maumivu ya kawaida ya kutembea, jaribio kubwa lililochapishwa 2020 lilionyesha kuongeza stenti au upasuaji juu ya dawa hakukupunguza vifo. Inapunguza maumivu. Kwenye shambulio lenyewe ni habari nyingine, hapo inaokoa. Hii peke yake inatosha kumaliza habari ya bomba Fundi, ingekuwa bomba kufungua palipobana kungemaliza kazi.

#39 Fundi wa Boti
Bomba lenyewe likiwa bovu lote hata mimi sifungui kona moja nikaondoka.

#40 Ngosha wa Magu
Nimewasoma wote na bado vena yangu ya mguuni hamjaigusa. Tabibu kasema kweli halafu kapita. Ile vena haikupata mafua, haikupata lehemu mpya, ilipata presha.

#41 Jembe la Sengerema
Ilikatwa kwa kisu na kushonwa Ngosha, hapo uvimbe haukuwepo?

#42 Ngosha wa Magu
Kovu la kisu linapona wiki chache, utando umekuja miaka kadhaa baadae. Nangoja.

#43 Mzawa wa Igombe
Wabheja sana wote, nimepata zaidi ya nilichouliza. Marehemu ana vijana wawili, thelathini na kitu, wote wanavuta na wote mafundi pale pale. Mama yao kaniuliza wafanye nini, nimwambie nini?

#44 Tabibu wa Zamu
Baba kufa kwa moyo hamsini na kitu inahesabika kwao. Wapime presha, sukari na mafuta ya damu, hivyo vitatu, hata kama ni wembamba. Palipo na kipimo cha Lp(a), kifurushi kingine cha lehemu kwenye damu kinachofanana na LDL, wapime mara moja maishani, hiyo ni ya kurithi na huku kwetu Afrika iko juu kwa wengi. Sigara waache leo, mwaka mmoja baada ya kuacha hatari ya ziada ya moyo inashuka kama nusu. Aspirini ya kila siku wasianze wenyewe, kwa mtu asiye na ugonjwa inaweza kumtoa damu tumboni bila faida.

#45 Fundi wa Boti
Tabibu Jumamosi nakuja na vijana wangu wa boti tupime presha. Mnafungua saa ngapi?

#46 Tabibu wa Zamu
Saa mbili asubuhi. Wasivute wala kunywa kahawa nusu saa kabla, na wakifika wakae dakika tano bila kuongea ndo tupime. Mikono yote miwili.